Jahazi Lina Wenyewe

Watu wakimtaja nahodha wa zamani, humwona mwanamume mmoja amesimama tezini, kashika kana, upepo unampiga usoni. Mimi ni binti wa nahodha, na picha hiyo hainitoshi. Baba aliishi zaidi ya miaka tisini, na sehemu kubwa ya umri huo aliimaliza katika majahazi ya Lamu. Lakini nikiyakumbuka maisha yake, naikumbuka nyumba nzima ikiwa safarini: mama na daftari lake la korja, shangazi zangu waliokuwa na mafungu yao chomboni, wajomba waliokuja kukalafati wakati wa kusi, na sisi watoto tuliojua majina ya pepo kabla ya kujua herufi. Jahazi halikuwa la mtu mmoja. Nataka kueleza lilikuwa la nani, liliishije, na lilikwendaje.

Baba alizaliwa Langoni, katika mji wa Lamu, miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Bibi alikuwa akisema kwamba alizaliwa mwaka ambao chombo cha babu kilishuliwa Matondoni, na hesabu hiyo iliwatosha wote. Akiwa kijana mdogo alipandishwa chomboni kuwa mtoto wa jikoni. Kazi yake ilikuwa kupepea moto katika sanduku la mchanga lililokaa sitahani, kuchambua mchele, kufua maji yaliyojaa ngamani, na kukaa kimya watu wazima wakizungumza. Hakufundishwa darasani. Alifundishwa kwa kukemewa, na alipoanza kukemea wengine akajua kwamba amekuwa baharia.

Chombo chenyewe kilitoka Matondoni, kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa chetu, ambako mafundi huunda majahazi mpaka leo. Fundi hakuchora ramani. Alilaza mkuku kwenye nguzo za mkoko pale ufukoni, akasimamisha mbao za omo na tezi, kisha akakisia ubavu kwa jicho. Mataruma yalikatwa katika miti iliyokwisha kupinda yenyewe, hasa mililana inayoota ukingoni mwa bahari, kwa maana mti uliopinda ungali hai una nguvu kuliko ule uliopindishwa na fundi. Matundu ya misumari yalitobolewa kwa keekee, mbao zikasawazishwa kwa tezo, na nyufa zikajazwa pamba iliyolowa mafuta. Juu ya maji mbao zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake haikutoka katika kanzu za baba hata mama azifue mara ngapi. Chini ya maji zilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili chaza na wadudu watoboao mbao wasipate pa kuanzia.

Siku ya kushua ilikuwa ya kijiji kizima. Mbuzi alichinjwa, dua ikasomwa, wanawake wakapika, na wanaume wakashika kamba wakavuta kwa nyimbo mpaka chombo kikagusa maji. Hakuna aliyelipwa ujira wa kuvuta. Kila aliyeshika kamba alijua kwamba chombo hicho kitambebea siku moja mchele wake, mgonjwa wake au bibi harusi wake.

Zamani zaidi, kabla ya jahazi la misumari kutawala visiwa hivi, kulikuwa na mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Bibi aliiona mitepe akiwa msichana. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekaribia kutoweka. Mwaka 2003 mafundi walishona mmoja kwa mfano wa ile ya kale, nao ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib kule Unguja. Jengo hilo lenyewe liliporomoka sehemu yake mwezi Desemba 2020. Kila mtepe ukitajwa, Bibi hakuuliza habari za manahodha. Aliuliza: ule mkeka mkubwa wa tanga waliusuka akina nani?

Sasa nitaje pepo, kwa sababu ndizo zilizopanga maisha yetu. Kaskazi huanza kuvuma karibu na Novemba au Desemba na kuendelea hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili, na mwezi wa Juni na Julai huwa kali mno, mlango wa bahari wa Shela ukachafuka. Kati ya pepo hizo mbili kuna majira ya maleleji, upepo usiojua unakotoka. Kaskazi ikivuma sawasawa, Lamu hadi Mombasa ni safari ya siku moja au mbili. Kurudi dhidi yake ni kubisha, kulipitisha tanga huku na huko mchana kutwa ili upate hatua chache za mbele, na nahodha mwenye akili hangoji kuambiwa atie nanga.

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao hurudi nyuma siku kumi na moja hivi ukilinganishwa na mwaka wa jua. Ramadhani huweza kuangukia kaskazi mwaka huu, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia kusi. Hesabu hiyo ni ya ibada, haimwongozi baharia. Ndiyo maana wazee walikuwa na hesabu ya pili, ya Nairuzi: siku 365 tangu Siku ya Mwaka, zikigawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kufungia. Baba aliihesabu miongo kwa vidole baada ya sala ya alfajiri. Siku zilipopita mia alianza kupanda darini kutazama mawingu ya upande wa kisiwa cha Manda. Mtu akimharakisha, jibu lilikuwa lile lile: “Pepo haitumwi, hungojewa.” Mama alikuwa akicheka kwamba hata uzazi wa Langoni ulifuata hesabu hiyo, kwa kuwa mabaharia walikaa nyumbani wakati wa kusi kali, na watoto wengi wa mtaa walizaliwa Machi na Aprili.

Mzigo mkuu wa baba ulikuwa boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti yetu, kuanzia Mkunumbi hadi Dodori na kupanda juu kuelekea Kiunga. Wakataji, wengi wao Wabajuni, walikaa kwa miezi katika vibanda pembeni mwa mikono ya bahari, wakipigana na mbu na kunywa maji ya kuletewa kwa mapipa. Walichagua mkoko na muia kwa kuwa hunyooka, wakakata na kupanga kwa unene. Kila unene una jina lake: fito ni nyembamba za kufumia kuta na mapaa, kisha pau, mazio, boriti zenyewe, na nguzo ambazo mtu mmoja huinua kwa taabu. Hesabu ilikwenda kwa korja, na korja ni miti ishirini.

Kuzipakia kulitaka kuelewana na mwezi. Jahazi liliingia katika mkono wa bahari wakati wa bamvua, maji yalipojaa mpaka kwenye mizizi ya juu. Maji yakitoka, chombo kilikaa juu ya tope, na mabaharia wakashuka wakizama hadi magotini, miti mabegani. Ukichelewa kumaliza kupakia bamvua likapita, maji mafu yalikuacha hapo hapo ukingoje bamvua lijalo. Baba alikuwa na kovu begani, gumu na jeusi, ambalo sisi watoto tulipenda kuligusa. Halikutokana na dhoruba wala papa. Lilikuwa alama ya boriti.

Wanunuzi wa miti hiyo walitoka mbali. Kuwait, Bahrain na pwani yote ya Ghuba haina miti ya kujengea, na kwa karne nyingi vyumba vyao viliezekwa kwa mikoko ya Lamu na Rufiji. Mabaghala, mabumu na masambuki yaliteremka na kaskazi yakiwa yamebeba tende, chumvi, papa mkavu, mazulia na makasha, yakangoja kusi, yakarudi na boriti. Mwaka 1938 mwandishi na baharia kutoka Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait pale Aden, nahodha wake akiwa Ali Nasser al-Nejdi. Walishuka hadi Mombasa na Unguja, wakaingia katika delta ya Rufiji kupakia miti, wakafika Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Nilikisoma nikiwa mwalimu kijana, na nilipomsimulia baba yaliyoandikwa kuhusu tope la Rufiji, alitikisa kichwa kama anayesikia habari za jirani. Msimu ule naye alikuwa baharia kijana.

Villiers alikuwa na jicho kali, na bila yeye tungepoteza mengi. Lakini aliandika alichokiona sitahani, kwa sababu huko ndiko alikokaa. Yaliyofanyika nyumbani kwa mabaharia, nani alilisha watoto kwa miezi yote hiyo, deni la dukani lilibebwa na nani, yako nje ya kurasa zake. Al-Nejdi mwenyewe alikufa maji mwaka 1979, na dunia inamkumbuka kwa sababu mgeni mmoja alipanda chombo chake na kalamu. Manahodha wa Lamu hawakupata mgeni wa namna hiyo, na wake zao hata zaidi.

Basi niandike mimi. Katika chombo chetu, mapato ya safari yalitolewa kwanza gharama za chakula na ushuru wa bandari. Kilichobaki kilikatwa nusu mbili, nusu ya mabaharia na nusu ya chombo. Mabaharia waligawana mafungu sawa, nahodha akiongezewa, mtoto wa jikoni akipewa nusu ya fungu. Nusu ya chombo ilikwenda kwa wenyewe, na hapo ndipo hadithi ya nyumba yetu ilipo.

Babu alipofariki katika miaka ya 1950, aliacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Kadhi alifuata sheria ya mirathi kama ilivyo: thumuni kwa mjane, kilichobaki mafungu manane, kila mwana wa kiume mawili, kila binti moja. Nyumba hugawika vyumba, shamba hugawika minazi, lakini jahazi halikatwi kwa msumeno. Kwa hiyo waliliacha maji yaendelee kulibeba na wakagawana mapato yake. Tangu siku hiyo wanawake watatu wa nyumba yetu, waliotoka nje kwa buibui na wasiowahi kushika kamba ya tanga, walikuwa wenye chombo kwa haki ya sheria. Shangazi mdogo alinunua vikuku vya dhahabu kwa fungu lake. Shangazi mkubwa alijenga chumba cha juu ambacho ndugu yangu anakaa mpaka sasa. Na yeye ndiye aliyekuwa mkali. Mwaka mmoja kaka zake walitaka kushona tanga kwa kitambaa hafifu ili wapunguze gharama. Alikataa, akasema mwenye fungu hawezi kuwatia mabaharia wa watu hatarini kwa ajili ya dhiraa chache za amerikani. Tanga likashonwa kwa kitambaa kizito, na baba alikuwa akilisimulia jambo hilo kwa fahari kuliko safari zake mwenyewe.

Mama alishika daftari. Baba aliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Mama aliandika taratibu. Alipanga safu: korja za fito, korja za pau, korja za boriti, jina la mkataji, alichokopa, alicholipa. Duka la mtaani lilitukopesha unga, sukari na mafuta ya taa kwa sababu muuzaji alijua daftari la mama haliongopi. Usiku wa upepo mkali wanawake wa mtaa walikusanyika kusoma Yasini, na asubuhi mmoja alitumwa ufukoni kuuliza mashua zilizoingia: mmeliona jahazi la fulani, mmeliona wapi, lilikuwa na tanga au limetia nanga? Hiyo ndiyo iliyokuwa simu yetu.

Biashara hii haikufa siku moja, wala haikuuawa na jambo moja. Mwaka 1946 Kuwait ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta, na baada ya muda si mrefu mabaharia wake wakapata kazi za mshahara nchi kavu na nyumba zao zikajengwa kwa saruji na chuma. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yakavuruga bandari iliyokuwa kituo kikubwa cha vyombo vya Waarabu. Upande wetu, vita vya shifta vya 1963 hadi 1967 viliwafukuza Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara, na mikono mingi ya bahari ikawa hatari kuingia. Vyombo vya Oman, Yemen na Iran viliendelea kuja, ila kila msimu vikipungua. Kisha mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi ili misitu ya mikoko isimalizwe.

Baba hakuilaani amri hiyo. Alikuwa ameona kwa macho yake wakataji wakilazimika kuingia ndani zaidi kila mwaka ili wapate miti mirefu. Alichouliza ni kwa nini hakuna aliyeita wakataji na manahodha kuwauliza wakate wapi na waache wapi, hali wao ndio walioijua misitu hiyo mti kwa mti.

Zilibaki safari za pwani: boriti, makuti na embe kwenda Bandari ya Kale ya Mombasa, na kurudi na mchele, saruji na mabati. Nazo zilikuwa na mshindani. Zamani lori lilingoja pantoni kuvuka, na jahazi lenye upepo mzuri halikuona aibu mbele yake. Daraja jipya la Nyali likafunguliwa mwaka 1980, la Kilifi mwaka 1991, na mfanyabiashara akaanza kupakia mzigo wake barabarani. Ndugu zangu wakafunga injini ya dizeli katika jahazi ili washindane. Hapo ndipo mgawanyo wa zamani ulipovunjika. Upepo haukuwa na mwenyewe wala haukudai. Dizeli ilinunuliwa kwa mkopo, na aliyekopesha alilipwa kabla ya baharia, kabla ya nahodha, na kabla ya shangazi. Nusu ya chombo ikawa robo, kisha ikawa ahadi.

Hata hivyo mwaka 1991 majahazi yaliitwa tena kwa kazi ambayo hakuna lori lingeiweza. Somalia ilipovunjika, Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake walikimbia kwa bahari, familia kwa familia, hadi Lamu na Mombasa. Chombo chetu kilikuwa kikuukuu, kinavuja, lakini kilikwenda kupokea watu. Wengi waliofika walikuwa na majina tuliyoyajua, kwa sababu babu zao na babu zetu walioana kupitia bandari hizo hizo. Baba, ambaye alikuwa ameacha unahodha, alikaa gatini akiuliza kila mzee anayeshuka ni mtoto wa nani. Mara nyingi alijua jina la chombo cha baba yake.

Siku hizi Lamu ina sifa duniani. Mwaka 2001 UNESCO iliuorodhesha mji wetu kuwa urithi wa dunia, na wageni hupelekwa kutazama vyumba vyembamba vya nyumba za mawe. Huambiwa kwamba vyumba ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti zilizobeba dari, nayo ni kweli. Hawaambiwi boriti hizo zilifikaje. Mei 2021 meli ya kwanza ilitia nanga katika bandari mpya ya Ghuba ya Manda, upande wa pili wa kisiwa ambacho baba alikitazama akingoja kaskazi. Matondoni bado wanaunda vyombo, na mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa na kandambili zilizotupwa, ambalo mwaka uliofuata lilisafiri hadi Unguja. Mkono wa fundi haujakufa. Mashindano ya majahazi ya Maulidi bado hujaza gati watu.

Kilichokufa ni ule mpango wa nyumba na chombo kuishi kwa daftari moja. Nahodha wa zamani alikuwa hodari, sitaki kumpunguzia mtu haki yake. Lakini uhodari wake ulikuwa na mtaji, na mtaji huo ulikuwa wa mjane mwenye thumuni, wa dada aliyekataa tanga hafifu, wa mke aliyekopa unga kwa jina lake. Anayeandika historia ya bahari yetu kwa majina ya manahodha peke yao ameandika nusu yake.

Kwa hiyo nina ombi kwako wewe msomaji unayetoka katika nyumba ya pwani, iwe Kiwayu au Kilwa, Pemba au Mafia. Mtafute mzee aliyebaki, mwanamume au mwanamke, umuulize mambo machache na uyaandike: chombo cha familia yenu kiliitwaje, kiliundwa wapi na fundi nani, kilibeba nini, kiliingia bandari zipi, mafungu yalikuwa ya akina nani. Swali hilo la mwisho muulize mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza atakutajia wanaume tu. Hati za sanduku la bibi usizitupe kabla ya kumwonyesha anayesoma herufi za Kiarabu. Daftari la mama ninalo, na nakala yake nimewapa wajukuu zake wote.